Mwaka Niliojifunza Kutopatanisha Watu

Katika mtihani wangu wa kwanza wa majaribio nilipata thelathini na moja kwa mia, na wakili akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuumbwa na subira. Niliona moto. Nilikuwa nimempigia taipu muda wa kutosha kujua kwamba hakuwa mtu mbaya, lakini siku ile nilitamani kuumwaga ule wino wake mwekundu kwenye shati lake jeupe.

"Msichana," akasema, akijifuta machozi, "mimi nimekupa kesi, wewe umeniandikia harusi."

Hii ilikuwa Kisii mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la vitambaa. Wakili alikuwa mtu wa upande wa ziwa, Mjaluo, mlokole asiyekosa kanisani, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana. Ndiye aliyenitia maneno haya kichwani. Alikuwa amesikia kwamba chuo cha sheria cha Nairobi kinachukua watu wachache kutoka ofisi za mawakili, hata kama hawajaona mlango wa chuo kikuu, mradi wapite mtihani wa kuingilia. Asubuhi moja nilikuwa nikibishana naye juu ya barua aliyodai nimeikosea, nami nikadai ni yeye aliyeikosea, akanitazama akasema, "Wewe unapenda kubishana. Heri basi ubishane kwa mshahara."

Nilidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata akaja na rundo la karatasi za mitihani ya zamani alizopewa na rafiki yake wa Nairobi. Akasema nizifanye moja moja, yeye atasahihisha, na nisipofika sitini nisijisumbue kupanda basi.

Swali lenyewe lililomchekesha lilikuwa hili. A alimwazima B baiskeli. B, bila kumwambia A, akamwazima shemeji yake, C. C akaanguka nayo mtoni, ikapinda kila mahali. A anadai baiskeli yake. Eleza.

Nami nilieleza! Nilijaza kurasa tatu. Niliandika kwamba B aende kwa A asubuhi mapema kabla A hajaenda shambani, na asiende peke yake, aende na mtu mzima anayeheshimika. Wasianze na habari ya baiskeli, waanze na habari ya watoto na mvua. C asijitokeze siku ya kwanza, maana ataharibu mambo. A aachiwe akasirike kidogo, ni haki yake. Siku ya pili C aje na kuku, mke wa A asonge ugali wa wimbi, wale, na baiskeli ipelekwe kwa fundi kwa mchango wa wote. Nilipoweka kalamu chini niliona nimeandika vizuri ajabu.

Kwetu ndivyo kesi zilivyokuwa zikienda. Marehemu baba yangu alikuwa akiitwa kusikiliza magomvi ya mlima mzima, na mimi nilikuwa mtoto wa kukaa karibu na mlango, nikisikia yote. Wazee wakikaa hawaulizi nani ana haki mpaka watu wapoe, na mara nyingi watu wakishapoa hakuna anayekumbuka kuuliza. Unaona wale waliokuwa wakitaka kukatana mapanga wanaondoka pamoja, mmoja akimshikia mwenzake taa. Mimi niliamini hiyo ndiyo sheria.

"Swali halikuuliza watapatana vipi," wakili akasema. "Limeuliza nani ana haki, na kwa nini."

"Na baada ya hapo A na B wataishi vipi?"

"Hawaishi. A hana mama. B hana jirani. Wako kwenye karatasi tu."

Nikamwambia kwamba kama mtu hana mama wala jirani, baiskeli ataenda nayo wapi. Akacheka tena, akanirudisha kwenye taipureta yangu.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumbani, maana bila hilo mtihani huu ungekuwa mtihani tu.

Nyumbani kwetu ni karibu na Ikonge, upande wa Nyamira, mahali ambapo ukifungua mlango unaona chai. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na kaka yangu aliyenizidi miaka michache. Na kwa sisi Wakisii wa wakati ule, kila mvulana alikuwa na dada yake wa ng'ombe. Baba mwenye watoto wengi alikuwa akiwapanga: binti huyu na mvulana yule. Binti akiolewa, ng'ombe wanaoletwa ndio huyo mvulana anaoa nao. Sisi hatukuhitaji kupangwa, tulikuwa wawili tu, lakini baba alilitamka hata hivyo. Tangu nikiwa mdogo, mtu akinipiga shuleni, kaka yangu alikuwa akija kunipigania huku akisema kwa Kikisii, "Mwacheni ng'ombe wangu!" Watu wanacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Wakati ninaousema kaka alikuwa na kazi katika kiwanda cha chai kule Itumbe, sehemu ya kutandaza majani yanyauke. Alikuja nyumbani akinuka chai mbichi hata baada ya kuoga. Alikuwa na msichana wake, binti wa mlima wa pili, mtu wa kucheka kwa sauti, mchuma chai hodari kuliko wanaume. Baba wa msichana huyo alikuwa amesema atangoja mpaka wimbi la mwaka ule livunwe, si zaidi. Na kwa upande wangu alikuwapo mtu, mwenye duka pale Ikonge, mpole, nguo safi, ng'ombe wake wanene. Alikuwa amekuja na wajomba zake, wakanywa chai, wakasifu nyumba, wakaenda. Wakaja tena. Mama akaniuliza nasemaje. Nikasema nifanye mtihani kwanza. Mwenye duka, nimpe haki yake, alisema wazi kwamba hataoa mke wa kukaa Nairobi miaka akisoma. Sikumlaumu. Angalau alisema.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi, na kila mtu aliyajua: nikifeli, naolewa, kaka anaoa, mama anapata wajukuu, mlima mzima unakula. Nikipita, hakuna ng'ombe. Hebu fikiria kusoma katika nyumba ambayo mama yako akipiga magoti jioni, unajua anaomba nini. Hakuwa mkatili, la! Alikuwa akisema tu, kwa sauti ya kusikika, "Bwana, mtendee binti yangu yaliyo mema." Nami kila nikija nyumbani nilikuwa nimelala upande wa pili wa ukuta, nikijua mema ni yapi.

Mjini nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Nilisoma alfajiri, dirishani, kabla ya jirani kuwasha jiko na moshi kujaa uani. Nilisoma saa ya chakula, ofisini, wenzangu wakiwa wameenda kunywa chai na mandazi. Kwaya ya kanisa niliiacha kwa sababu mazoezi yalikuwa yakila jioni zangu. Mwanzoni walikuwa wakinipitia, wanabisha hodi, nasema wiki ijayo. Baadaye walipita tu, nasikia sandali zao na vicheko, hawabishi tena. Wanawake wa kanisani waliniuliza nitaolewa lini. Nikisema nasoma, waliuliza, "Kusoma tena? Kwani ulisahau nini?"

Nitasema wazi: nilikuwa mpweke mpaka nikawa nasema na taipureta. Na si kwamba watu hawakuwapo. Kisii ina watu, wewe! Lakini katika mji ule wote, na milima yote niliyoiona kutoka dirishani, hakuna mtu mwingine niliyemjua anayefanya mtihani ule. Shuleni, ukitoka kwenye chumba cha mtihani unamshika mwenzako mkono unamwuliza, "Lile la tatu umejibu nini?" naye anasema, unapiga kelele, "Maskini mimi!" mnacheka. Mimi sikuwa na mtu aliyekosea swali nililokosea.

Isipokuwa kaka. Yeye hakujua sheria, alijua saa. Alikuwa amenunua saa ya mkono kwa ajili ya zamu za kiwandani, akaipenda kuliko viatu. Jumapili nilizokuwa naenda nyumbani, baada ya kanisa na chakula, aliniwekea meza chini ya ukingo wa paa, yeye akakaa kwenye kizingiti cha jikoni. Anasema, "Anza." Halafu anafukuza kuku, anafukuza watoto wa majirani, na mgeni akija anamwambia mimi ni mgonjwa, mgeni ananiangalia nimeinama juu ya karatasi anatikisa kichwa. Muda ukiisha anasema, "Simamisha." Hata kama nimebakiza neno moja, simamisha. Nilikuwa namtukana, yeye anacheka, ananiita Bwana Jaji.

Siku moja nilimwuliza kwa nini ananisaidia, naye anajua.

"Kwani unataka nikusaidie kufeli?" akasema. Halafu akaenda kunywa maji.

Alama zangu zilipanda kidogo, zikakwama. Thelathini na nane. Arobaini. Tatizo halikuwa kusoma, tatizo lilikuwa A na B. Siwezi kumsoma mtu asiye na kwao. Nikiona A amemuuzia B ng'ombe mgonjwa, tayari A ni yule mjomba wangu wa kule bondeni, ninajua kwa nini ameuza, ninajua mke wake alikuwa hospitali. Karatasi za zamani zilipopungua, wakili akaanza kunitungia maswali mwenyewe. Akaandika: mchongaji wa Tabaka amemuuzia mfanyabiashara kinyago cha jiwe, wamekubaliana, lakini kimeachwa pale pale kingoje gari, usiku kikavunjika. Hasara ni ya nani? Loo, nilikuwa nimefika Tabaka! Nilikuwa nimewaona wale wachongaji weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, na watoto wao wakikohoa huku wakipiga msasa. Nikaandika kwamba mfanyabiashara, kwa kuwa ni mtu wa gari, alipe nusu kwa ajili ya watoto. Karatasi ikarudi na arobaini na nne, na wino mwekundu pembeni: "Watoto wanakohoa. Nasikitika. Kinyago ni cha nani?"

Nililia, tena pale pale ofisini, mbele ya mashine. Wakili akatoka nje, alikuwa mtu wa kuogopa machozi. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Fanya hivi," akasema. "Usianze na hadithi. Mstari wa kwanza, andika jibu. Jibu tu. Halafu ndipo ueleze."

Unaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Kuandika mstari wa kwanza "B alipe", kabla hujamsalimu B, kabla hujajua ameamkaje! Niliona haya, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Lakini niliandika. B alipe. Halafu kwa nini. Na nilipoandika hivyo, zile hadithi nyingine zote, mke aliye hospitali, watoto, mvua, zilikosa pa kukaa. Zikaondoka zenyewe. Karatasi ile nilipata hamsini na nane.

Baada ya hapo ikawa ni mteremko. Sitini na tatu. Sitini na sita. Nilipopata sabini na moja wakili aliweka kalamu chini akanipa mkono, na hakuwa na desturi hiyo kwa wapiga taipu. Nilitembea mpaka sokoni nikanunua ndizi mbivu nikala peke yangu nimesimama, kwa furaha.

Lakini jambo hili likishaingia halikai kwenye karatasi. Siku moja wanawake wawili wa kwetu walikuwa wakigombania kapu kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, wakaniona, wakasema, "Huyu amesoma, huyu atuamue." Zamani ningewashika mikono wote wawili. Siku ile niliuliza maswali matatu nikasema, "Kapu ni lake huyu. Wewe huna haki, lirudishe." Likarudishwa. Nilidhani aliyepewa atanishukuru. Yeye ndiye aliyenitazama vibaya zaidi, maana mwenzake alikuwa jirani yake na mchumaji mwenza, na sasa wangechuma pamoja vipi? Wakaondoka kila mtu njia yake. Tangu siku ile hakuna aliyenitafuta kwa neno. Nikipita wanasalimu, "Bwakire," nami naitikia, basi.

Mama akaniambia, "Siku hizi mdomo wako ni wa mahakama. Unaongea na sisi kama tumeshtakiwa."

Nikamjibu kwamba ni yeye anayeongea bila kusema anachotaka. Nilikuwa sahihi, na alinyamaza mpaka Jumapili nyingine.

Jumapili ya mwisho kabla ya kwenda Nairobi, karatasi zilikuwa zimeisha. Wimbi lilikuwa limeanza kubadilika rangi. Mama alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Meza iko pale pale, kaka yuko kizingitini, saa mkononi, nikamwambia leo hakuna kitu, maswali yamekwisha.

"Mimi ninalo moja," akasema.

Nilicheka. Kaka yangu, mtunga mitihani! Yeye hakucheka. Alianza kusema kwa Kikisii, taratibu, kwa mpangilio ule ule aliousikia kwangu Jumapili zote zile.

"A ana dada yake, B. Tangu wakiwa wadogo, watu wote wanajua A ataoa kwa ng'ombe wa B. Baba yao alisema hivyo, akafa. A amengoja. A ana msichana, na baba wa msichana amechoka kungoja. Mtu mwenye ng'ombe amekuja kwa B. B hataki. Nani ana haki, na kwa nini?" Akaitazama saa. "Una robo saa. Anza."

Sasa, mtu anaweza kudhani sikuelewa. Nilielewa! Nilielewa alipotaja dada. Ningeweza kuinuka nikakae naye kizingitini. Ningeweza kumwuliza habari za yule msichana, anasemaje, analia, anacheka bado? Mwaka mmoja tu nyuma ningefanya hivyo bila kufikiri, tungeongea mpaka mama arudi, na mama angeleta maneno yake, na sijui tungefika wapi, lakini tungefika pamoja.

Nikajibu. Na mstari wa kwanza ukawa jibu.

"B ana haki," nikasema. "Kwanza, B hakuahidi kitu. Aliyeahidi ni baba, na baba hawezi kumfunga mtu ambaye hakuulizwa. Pili, kungoja si deni. A angengoja hata miaka mingapi, kungoja kwake hakumpi dai juu ya B. Tatu, hao ng'ombe hawapo. Mpaka B akubali kuolewa, hakuna ng'ombe, na huwezi kudai mali ambayo haipo."

Nilisikia sauti yangu. Ilikuwa ile ya ofisini, ya kusoma barua. Na nitasema ukweli, Mungu ananijua, nilifurahi. Lilikuwa jibu safi kuliko yote niliyowahi kujibu, na sikuhitaji kalamu. Hata leo, baada ya miaka yote hii katika kazi hii, ukinipa swali lile nitajibu vile vile, kwa sababu ndilo jibu.

"Na A?" akauliza.

"A hana dai."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilikuwa nimemaliza mapema. Lakini kaka hakusema simamisha. Alibaki ameinamia saa yake, anaangalia mshale ukienda, nami nikabaki mezani mikono mitupu, kuku wakiparura miguuni kwetu, hakuna anayewafukuza. Aliacha robo saa yote iishe. Halafu akasema, "Simamisha," akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Mtihani wenyewe sina mengi ya kusimulia. Ulikuwa Nairobi, katika ukumbi wenye baridi, wanaume wengi wenye tai, wanawake tungeweza kukaa benchi moja. A na B walikuwapo kama kawaida, na hawakuwa na mama wala jirani, nami sikumsalimu yeyote, niliandika jibu. Nilitoka mapema. Nje, watu walikuwa wamesimama kwa makundi wakiulizana, "Lile la nne?" Walijuana, walikuwa wametoka ofisi moja au shule moja. Nilisimama karibu na kundi moja kwa muda, mtu akakosea jibu, nikatamani kusema kitu, lakini hakuna aliyegeuka. Nikaenda kutafuta basi la kurudi Kisii.

Majibu yalikuja kwa simu ya ofisi. Wakili alipokea, akasikiliza, akasema asante mara nyingi kwa Kiingereza. Akaja akasimama karibu na mashine yangu, akavua miwani, na safari hii hakucheka. "Umepita, dada yangu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita dada. Akaagiza soda za ofisi nzima, tukanywa, karani akanipigia makofi. Jioni nilifika chumbani kwangu, nikakaa kitandani na viatu miguuni, nikitafuta mtu wa kumwambia. Nikamwambia fundi cherehani. Akasema, "Hongera, mama. Sasa chumba utakiacha lini?"

Nyumbani nilikwenda mwisho wa wiki. Mama alisema, "Mungu ametenda," akaenda kuangalia chungu. Kaka alinishika mkono akautikisa sana, akanionyesha meno yote, akasema, "Si nilisema? Bwana Jaji!" Nilimtazama usoni muda mrefu. Hakukuwa na kitu pale zaidi ya alichosema.

Wimbi likavunwa. Msichana wake akaolewa na mtu wa upande wa Kisii, ng'ombe wakapita njia ya chini ya kwetu, na nyimbo tulizisikia mchana kutwa, mimi na mama, tukichambua mboga za chinsaga bila kuinua macho. Kaka hakuwapo. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akakaa kiwandani siku ile yote. Mama hakunilaumu kwa neno moja. Wiki ya safari yangu alifua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi, akazipiga pasi ya makaa moja moja, akazikunja, akaziweka sandukuni. Nilitaka anigombeze. Kila nikiingia chumbani namkuta anakunja.

Kaka ndiye aliyenibebea sanduku mpaka Kisii, kwenye basi la Nairobi. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Njia nzima tuliongea habari za mvua na bei ya majani ya chai. Alipandisha sanduku juu ya basi mwenyewe, akavuta kamba kuhakikisha, akashuka akajifuta mikono.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu wiki iliyotangulia. Yote yakanitoka, likabaki moja.

"Mwana wa mama," nikasema, "nisamehe."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa lipi?"

Watu walikuwa wakitusukuma wakipanda, mtu na mizigo yake, utingo anapiga bati kwa kiganja. Kaka akangoja, kwa adabu, kama nitasema. Nilipokosa kusema, akanisaidia.

"Hukunikosea kitu," akasema. "Si ulinieleza vizuri? Nilielewa."

Nilimtafuta hasira usoni, hata kidogo, hata ya kuficha. Angekasirika nisingepanda lile basi, wallahi nisingepanda. Ningejua pa kuanzia. Lakini alikuwa amelikubali jibu langu, lote, pamoja na sababu zake. Akanipa mkono, ule wa kumpa mtu wa ofisi, akatazama saa yake, akaniambia niende salama. Halafu akatembea haraka kurudi njia ya Itumbe ili awahi zamu.